Siku Tisa Nairobi: Majibu kwa Majirani Zetu



Alhamdulillah, tumerejea Unguja salama u salimini, sote saba tuliotoka: kaka yetu mkubwa aliyekuwa mahramu wetu na mshika mkoba wa fedha, wifi yetu, shangazi yetu ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kweli wa msafara, sisi ndugu wawili wa kike, na watoto wawili waliokuwa katika likizo ya skuli. Kwa siku tisa tulikuwa wageni wa mpwa wetu aliyeolewa Nairobi, nchini Kenya, katika mtaa wa Jamhuri ulio kando ya barabara ya Ngong, upande wa magharibi wa jiji.

Kabla ya kuondoka, majirani walitujia barazani na masuala matatu ambayo kila Muislamu wa pwani anayepanda bara huulizwa. Mtasali wapi? Mtakula nini? Mtasema na watu kwa lugha gani? Aliyeuliza la tatu alicheka mwenyewe, maana Wakenya nao husema Kiswahili. Lakini alicheka kwa wasiwasi. Tumeona ni vyema kuyajibu masuala hayo humu, ili familia nyingine zenye nia ya kwenda zipate la kushika. Mwishoni tutaeleza suala la nne, ambalo hapana aliyetuuliza hapa, bali tuliulizwa kule.

Baridi kabla ya yote

Tulivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, tukalala, na alfajiri ya pili tukapanda basi la kupitia Moshi na Arusha hadi mpakani Namanga. Pale maofisa wa nchi mbili hukaa katika jengo moja, hivyo msafiri hupigiwa muhuri wa kutoka na wa kuingia bila ya kutembea jua kali kutoka ofisi hadi ofisi. Pasi zetu saba zilimalizika kwa dakika chache. Tunaomba msomaji aziweke akilini dakika hizo, kwani tutazirejea.

Nairobi ilitupokea kwa baridi. Jina lenyewe lina onyo ndani yake: limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai wenyeji wenyewe hutembea wamejikunyata ndani ya makoti mazito. Sisi tuliozoea kuita kipupwe ule upepo mwanana wa Forodhani tulitambua siku hiyo kuwa kipupwe chetu ni mtoto mdogo. Shangazi alivaa sweta mbili chini ya buibui na soksi za kaka yetu juu ya zake, akasema sasa amefahamu kwa nini watu wa bara hutembea mbio: akisimama mtu ataganda.

Asubuhi ya pili tulipelekwa soko la Toi, lililo karibu na Adams Arcade, ambalo sifa yake ni mitumba. Neno mitumba halikuhitaji mkalimani. Tulilohitaji ni hesabu, kwani shilingi moja ya Kenya ilinunua kiasi cha shilingi ishirini za kwetu. Muuzaji akisema mia nne, wifi yetu hufurahi na kufungua mkoba. Kisha kaka humnong'oneza jawabu la kuzidisha, na mkoba hufungwa tena. Mwisho wake tulitoka na makoti saba, na furaha ya watoto ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya Idi.

Mtasali wapi?

Jawabu la kwanza lapatikana katikati ya jiji. Msikiti wa Jamia uliopo sasa ulijengwa kati ya 1925 na 1933. Una makuba matatu na minara miwili, na ingawa majumba marefu yameuzunguka kila upande, jicho la Muislamu huufikia kabla ya kuyafikia hayo majumba. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Uganda, na penye reli pakaja Wahindi, Wasomali, Waswahili na Wanubi. Jiji halikukaa muda mrefu bila ya adhana.

Tulifika siku ya Ijumaa. Kina mama wenzetu watalielewa hili: si kila msikiti wa mtaa kwetu wenye nafasi ya wanawake, na shangazi yetu, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, amezoea kuisikia khutba ya Ijumaa kupitia dirishani, huku akichambua mchele. Jamia wanawake wana sehemu yao. Alipanda ngazi polepole, akakaa katika safu baina ya msichana wa chuo kikuu mwenye mkoba wa kompyuta na mama wa Kisomali aliyebeba mtoto mgongoni, na akasikiliza khutba tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kuulizwa na mtu chumvi iko wapi. Tuliposhuka hakusema neno mpaka tukafika barabarani. Kisha alisema, "Leo nimeisikia yote."

Pembeni ya msikiti huo kuna maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, yenye nguzo kubwa na sanamu za simba mlangoni. Bibi mmoja wa Kizungu aliijenga kwa kumkumbuka mumewe, na kwa miaka mingi ya ukoloni milango yake ilikuwa wazi kwa Wazungu peke yao. Watoto walikaa juu ya ngazi zake wakapigwa picha, na tukawaeleza habari hiyo. Mdogo aliuliza, "Na msikitini je, walikuwa wanaulizwa rangi?" Kaka akamjibu kwamba katika safu ya sala mtu huulizwa kitu kimoja tu, asogee kidogo ajaze pengo. Majengo hayo mawili yalijengwa karibu wakati mmoja na yametenganishwa na hatua chache. Leo maktaba ni ya watu wote, alhamdulillah, na tuliwakuta vijana wengi wakisoma humo kwa utulivu.

Kwa wanaouliza habari za kupunguza sala: kwa kuwa tulinuia kukaa siku tisa, na madhehebu yetu ya Shafi hayampi ruhusa ya msafiri yule anayenuia kukaa siku nne kamili mbali na ya kuingia na ya kutoka, tulisali sala zetu timamu. Hata hivyo Nairobi ilitufunza jamu ya aina nyingine. Foleni ya magari wao huiita jamu, na jioni moja iliyakamata magari yote kuanzia Westlands. Juu yetu ilipita barabara mpya ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022, magari yakienda mbio kama mishale. Chini sisi tulikaa tukihesabu dakika za Magharibi. Shangazi alisema hii ndiyo jamu isiyo na ruhusa wala thawabu. Mwenyeji wetu alicheka, akatuteremsha kwenye kituo cha mafuta chenye chumba kidogo cha sala nyuma ya duka, na mfanyakazi wake akatuonesha pa kutilia udhu.

Na kibla? Unguja kibla kiko kaskazini. Nairobi pia kiko kaskazini, kimeelekea mashariki kidogo tu. Tulibadili nchi, fedha, hewa na nguo, na upande wa kuelekea ukabaki ule ule.

Mtakula nini?

Suala hili ndilo jepesi kuliko yote. Katikati ya jiji mikahawa ya Waislamu ni mingi, ya Wasomali na ya watu wa pwani, na pilau na biriani hazikosekani. Tahadhari ni ile ile ya popote: uliza nyama imechinjwa na nani, wala usione haya kuuliza. Hatukumwona hata mmoja aliyechukizwa na suala hilo. Mpishi mmoja asiye Muislamu katika mkahawa wa chapati alitujibu bila ya kufikiri, "Mama, kula tu, mchinjaji ni wenu."

Kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza, ukisema chai, utaletewa chai ya maziwa, tena imechemshwa pamoja na maziwa yake tangu mwanzo. Anayetaka chai ya rangi aseme hivyo mapema na kwa sauti. La pili, chapati kule si ya kusindikizia mchuzi kwa adabu. Chapati ni sherehe. Tuliila na ndengu, ambazo ni choroko zetu, na watoto wakasahau kuulizia urojo kwa siku tatu mfululizo. Githeri, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, tuliyatambua mara moja kuwa ni makande yaliyobadili jina baada ya kuvuka mpaka.

Mtasema lugha gani?

Hapa ndipo tulipocheka zaidi, na kwa haki tuseme kuwa wenyeji nao walitucheka.

Usiku wa kwanza taa zilizimika ghafla. Jirani akapiga kelele kutoka ghorofa ya juu, "Stima zimepotea!" Shangazi aliinuka kitini ameshika kichwa. "Innalillahi! Zilikuwa na abiria wangapi?" Sisi watu wa kisiwani habari ya chombo kupotea si ya kuchezea, na wazee wetu waliiita stima ile meli ya moshi. Mpwa wetu alipomaliza kucheka alieleza kwamba Wakenya huita umeme stima. Tangu usiku ule, kila taa zikizimika watoto humwuliza shangazi kama abiria wameokolewa.

Ndani ya matatu mambo yalizidi. Matatu ni daladala zao, na jina hilo, kama wanavyosimulia, lilitokana na nauli ya zamani ya mapeni matatu, yaani senti thelathini. Siku hizi nauli haina uhusiano wowote na tatu. Gari la Kawangware, namba 46, lilikuwa limepakwa picha za wanamuziki na wachezaji mpira, na muziki wake ulisikika kifuani kabla ya masikioni. Kondakta, kijana mrefu mwenye kofia ya sufi, alituambia, "Mbao tu, mathe, ingieni!" Kaka yetu akatazama juu ya gari kuziona hizo mbao. Kumbe mbao ni shilingi ishirini, kama vile soo ni mia moja. Hiyo ndiyo Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi, ambayo huchukua neno la Kiswahili kamili na kulipeleka kazini mahali pengine bila ya kuomba ruhusa.

Kijana huyo alimsalimia shangazi, "Sasa?" Shangazi akajibu, "Sasa nini, mwanangu?" Gari zima likacheka. Lakini lililofuata ndilo tulilolichukua nyumbani. Mtoto wetu mdogo, aliyefunzwa kwamba haipiti mtu mzima bila ya kuamkiwa, alipokuwa akilipa nauli alimwambia kondakta, "Shikamoo." Kijana alisita. Aliangalia nyuma kama kuna mzee amesimama mgongoni pake. Alipofahamu kuwa anaambiwa yeye, uso wake ukabadilika, akavua kofia, akasema kwa sauti ndogo, "Marahaba, mtoto mzuri." Kisha alimgongea dereva, akamwomba apunguze muziki, kwa sababu kuna wazazi ndani ya gari. Kwa safari iliyobaki tulisikilizana bila ya kupaza sauti.

Watu wa pwani hupenda kusema kwamba Kiswahili cha bara hakina adabu. Wao husema "nipe", sisi twasema "naomba". Wao husema "kuja hapa", sisi twasema "hebu njoo". Sisi twashuhudia kwamba adabu ilikuwamo. Kijana yule hakuwa na upungufu wa heshima, ila labda hakuna aliyemwamkia kwa heshima tangu asubuhi. Neno moja la mtoto wa miaka minane lilimtosha.

Ndovu na nazi

Mitaa ya magharibi ya Nairobi, Lang'ata na Karen, ni ya miti mingi na nyumba zilizojificha nyuma ya ua mrefu. Watoto walikuwa na ahadi mbili huko. Ya kwanza ni kituo cha twiga, ambapo mnyama huyo huteremsha shingo na kulamba chakula mkononi kwa ulimi mrefu wa kiasi cha sentimita 45. Wifi yetu alilambwa mpaka kwenye kifundo cha mkono na akaomba maji ya kunawia mara tatu.

Ya pili ni kituo cha ndovu mayatima kilicho pembezoni mwa mbuga ya taifa ya Nairobi. Kilianzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumkumbuka mumewe David, na wageni huingia kwa saa moja, kuanzia saa tano asubuhi. Humo hulelewa watoto wa ndovu ambao mama zao wameuawa na majangili au wametumbukia visimani. Walezi hulala nao usiku chumba kimoja, na huwafunika mablanketi.

Kina mama wapendwa, hapa tusikilizeni vizuri. Kwa miaka mingi Daphne Sheldrick alishindwa kuwalea ndovu wachanga, kwa sababu hawakuweza kuyastahimili mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Alijaribu hiki na kile, na wakafa mikononi mwake. Dawa ilipopatikana, ilikuwa ni nazi. Mafuta ya nazi ndiyo yaliyokaribiana na mafuta ya maziwa ya mama ndovu. Mtoto wa kwanza aliyelelewa kwa njia hiyo aliitwa Aisha. Shangazi yetu aliposikia, aliinua mikono yake miwili mbele ya wageni wa Kizungu akasema, "Nimekuwa nikiwaambia miaka yote! Hapana kitu kinachopikika bila ya tui!"

Lakini kisa cha Aisha kina mwisho wa huzuni. Alizoeana na mlezi wake mmoja peke yake, na mlezi huyo alipoondoka kwa siku chache kwenda harusini kwa binti yake, ndovu mdogo alikataa kula, akafa kwa majonzi. Tangu hapo walezi hupokezana, ili mtoto awe mtoto wa wote. Watu wa nyumba kubwa za pwani, ambako mtoto hulelewa na bibi, shangazi, mama mdogo na jirani, hawahitaji kuelezwa hekima ya jambo hilo.

Karibu na hapo kuna nyumba ya mwandishi wa Denmark, Karen Blixen, aliyeishi humo tangu 1917 hadi 1931 na kujaribu kulima kahawa chini ya vilima vya Ngong. Shamba lilifilisika, kitabu alichokitoa mwaka 1937 kuhusu maisha yake huko kikapata sifa dunia nzima, na tangu 1986 nyumba yake ni makumbusho. Sisi tulimtafuta mtu mwingine ndani yake, Farah Aden, Msomali Muislamu aliyekuwa msimamizi wa nyumba na mshauri wake. Bibi huyo alimtaja mara kwa mara katika kitabu chake, na aliwaandika pia wanawake wa Kisomali wa nyumba ya Farah, heshima na fahari yao. Mtaa mzima leo unaitwa Karen. Hatukuona hata kichochoro chenye jina la Farah.

Suala la nne

Mume wa mpwa wetu ni Mnubi, na siku ya saba alitupeleka kwa bibi yake mzaa baba, eneo la Makina, Kibra. Wengi humu wamekwisha kuliona jina la Kibera katika habari, likitajwa kwa umasikini wake. Wachache wanajua kwamba neno hilo ni la Kinubi, na maana yake ni msitu. Wanubi waliletwa na Waingereza kama askari kutoka Sudan, na tangu mwanzo wa karne iliyopita waliwekwa hapo na jeshi, pakiwa bado pori. Walipigana katika vita viwili vikuu vya dunia chini ya bendera isiyokuwa yao. Ardhi waliyopewa kukaa ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Jiji likakua, wengine wakaja, na serikali moja baada ya nyingine ikaimega. Mwaka 2017 ndipo jumuiya yao ilipokabidhiwa hati ya ardhi, ya ekari 288.

Bibi alitupokea amevaa gurbaba, vazi la kina mama wa Kinubi, kwa salamu za Kiislamu zisizo na haraka. Alimgeukia kitukuu wake akamwagiza kwa Kinubi awaletee wageni moyo. Watoto wetu walitazamana. Moyo ni maji, akatufafanulia mume wa mpwa wetu, kwa kuwa Kinubi ni lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha Sudan. Shangazi alipokea gilasi yake akasema kwamba katika nyumba zote alizowahi kukaribishwa hajapata kuletewa moyo kabla ya chakula. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi.

Chakula kilifunikwa kwa kawa, kama kwetu, ila za kwao zimesukwa kwa rangi nyingi zinazozunguka kama upinde wa mvua. Wazee wawili hao waliongea kuhusu ukili na namna za kuusuka, mpaka sisi wengine tukaonekana hatuna kazi.

Baada ya kula, bibi akauliza, "Nyinyi kwenu wapi?"

"Unguja," alijibu shangazi.

"Na kabla ya Unguja?"

Hakuna suala linalomfurahisha shangazi yetu kama hilo. Alianza na babu aliyetoka Hadhramaut kwa jahazi, akapita kwa bibi wa Kingazija, akaja Mrima, akarejea Unguja kwa njia ya Pemba. Alizungumza kwa robo saa. Bibi alimsikiliza kwa makini, kisha akasema maneno ambayo tumeyabeba hadi hapa:

"Mwenzangu, wewe unaulizwa kwa ajili ya maongezi. Sisi tumekuwa tukiulizwa kwa ajili ya kitambulisho."

Alitueleza bila ya ghadhabu. Amezaliwa hapo, na mama yake alizaliwa hapo. Lakini vijana wao walipotimia umri wa kupata kitambulisho, kwa miaka mingi walikuwa wakiitwa kuhojiwa mbele ya kamati na kutakiwa waeleze babu zao walitoka wapi, na hati za babu ziko wapi. Bila ya kitambulisho hakuna kazi wala akaunti ya benki. Mjukuu wake mmoja alirudishwa nyumbani mara nne. Jambo hilo lilifikishwa mbele ya kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto, na mwaka 2011 kamati hiyo ilitoa uamuzi kwamba watoto wa Kinubi wamenyimwa haki zao.

Ndipo tulipozikumbuka zile dakika chache za Namanga. Sisi wageni wa siku tisa tulipigiwa muhuri na kutakiwa karibu. Mwenyeji wetu, mtu wa zaidi ya miaka mia ya kizazi baada ya kizazi mahali pamoja, ndiye aliyetakiwa aeleze alikotoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyeshika jembe kwa karne nzima ataitwa mgeni mpaka lini?

Tumelileta suala hili nyumbani kwa sababu linatuhusu. Visiwani kwetu na pwani nzima tuna maneno yetu mepesi: huyu mtu wa bara, yule wa kuja, wale si wenyewe. Twayasema tukinywa kahawa, na huenda anayesikia ameishi nasi miaka arubaini na kuzika wazazi wake katika makaburi yetu. Sura ya Al-Hujurat imetufunza kuwa lengo la kuwa mataifa na makabila ni kujuana. Kumwuliza mtu asili yake ili umjue ni adabu, na kumwuliza ili umpunguze ni dhuluma, hata kama maneno ni yale yale.

Kwa wanaonuia kwenda

Chukueni makoti, au bakisheni fedha za soko la Toi. Wekeni nafasi mapema kwa ajili ya kituo cha ndovu. Tokeni nyumbani saa mbili kabla ya wakati mnaoudhania, kwa sababu ya jamu. Siku ya Ijumaa fikeni Jamia mapema, hususan kina mama wenye magoti mabovu, kwani ngazi zinataka subira. Mkisikia stima zimepotea, msiwapigie jamaa wa bandarini. Wafunzeni watoto kumwamkia kila mtu mzima, hata kondakta. Na mkialikwa Kibra, nendeni. Mtaletewa moyo kabla ya kuulizwa jina.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalipe kheri waliotupokea, awatilie wepesi wanaotafuta haki zao katika nchi walizozaliwa, na atujaalie tuwe wenyeji wema kwa kila aliye baina yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.